Mgeni wa Mkutano, Usiogope Mitaa ya Mashariki

Kila Nairobi inapopata mkutano mkubwa wa dunia, mimi hupata barua na simu za watu ambao mwaka mzima hawakunikumbuka. Huyu yuko Moroni, yule yuko Unguja, mwengine yuko Muscat au London, na swali lao ni moja: "Nimealikwa mkutanoni Nairobi. Nilale wapi, nile nini, niswali wapi, na je, nitarudi salama?" Nimewajibu mmoja mmoja hata mkono umechoka. Leo, kwa hisani ya mhariri, nawajibu wote pamoja katika ukurasa huu, na jawabu langu naanza kwa kisa.

MWALIMU ALIYESHINDA NA NJAA

Mnamo Januari 2007 lilifanyika Nairobi Kongamano la Kijamii la Ulimwengu. Lilifunguliwa tarehe 20 kwa maandamano yaliyotoka Kibera hadi bustani ya Uhuru, kisha shughuli zikahamia uwanja wa michezo wa Moi ulioko Kasarani, na likamalizika tarehe 25. Walikuja watu makumi ya maelfu kutoka kila pembe ya dunia, na mimi nilikuwa miongoni mwa waandishi waliokwenda kuwasikiliza.

Siku moja adhuhuri niliketi kwenye kivuli cha ukuta pamoja na mzee wa Kingazija, mwalimu wa skuli, aliyetumwa na chama cha kwao. Tulielewana upesi, kwani Kingazija na Kiswahili ni ndugu, hata kama kuna maneno hawapatani. Nikamwona anatoa mfukoni kipande cha mkate mkavu na yai la kuchemsha. Nikamwuliza, "Maalim, mbona chakula chako ni cha mgonjwa?"

Akanieleza kwamba tangu alipofika, siku nne, hajala kingine. Katika hoteli aliyowekwa hakuwa na yakini na nyama, na nje ya hoteli hakujua pa kwenda. Akanionyesha karatasi aliyopewa pamoja na tikiti yake ya ndege. Ilikuwa na ramani ya Nairobi. Upande wa magharibi paliandikwa majina ya hoteli, maduka na balozi. Upande wa mashariki palikuwa patupu, ila maneno machache ya kuonya kwamba mgeni asifike huko.

Nikacheka, kisha nikaona haya kucheka. Mtu mzima mwenye ndevu nyeupe alikuwa ameshinda na njaa siku nne, ilhali masinia ya wali na nyama ya mbuzi ya halali yalikuwa mwendo wa nusu saa kutoka pale tulipoketi. Kilichomzuia ni karatasi ile.

Jioni yake nilimpandisha matatu, tukabadilisha gari njiani, nikampeleka Majengo, Pumwani, nyumbani kwa shangazi yangu. Yaliyotokea huko nitayasimulia mbele. Kwanza na tuijue hiyo mashariki yenyewe.

MASHARIKI NI WAPI?

Wageni wengi hawajui kwamba wanapotua Nairobi wanatua mashariki. Kiwanja cha ndege kiko Embakasi, na kilifunguliwa mwaka 1958. Pipeline na Donholm ni majirani zake. Lakini mgeni hutiwa garini, akapitishwa juu ya ile barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, na akashushwa upande wa pili wa mji bila ya unyayo wake kugusa mtaa wa watu wa kawaida.

Mgawanyiko huu si wa jana. Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, na pamoja nayo wakaja wapagazi, askari, wapishi na wachuuzi, na watu wa pwani walikuwamo. Serikali ya kikoloni ikawapa Wazungu vilima vya magharibi vyenye miti na hewa nzuri, Wahindi wakawa upande wa Ngara na Parklands, na Waafrika wakasukumwa mashariki, kwenye uwanda wa udongo mweusi unaonata mvua ikinyesha. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kijiji cha kale cha Pangani kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, watu wake walihamishiwa Shauri Moyo. Kisha ikafuata mitaa mingine, Kaloleni, Makongeni, Bahati, Jericho, na baada ya uhuru Buru Buru, Umoja na Dandora. Mitaa yote hii kwa jumla ndiyo iitwayo Eastlands.

Mtu wa pwani akisomewa majina hayo hudhani anasomewa ya kwao. Majengo iko Mombasa. Makadara iko Mombasa. Kaloleni iko Kilifi, Shauri Moyo iko Unguja, na Pangani iko katika mwambao wa Tanga. Ama Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam ni pacha: majina yote mawili yametokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika wa vita vya kwanza vya dunia, ambacho ndimi zetu zilikitamka kadiri zilivyoweza.

MIKUTANO NA WENYE MJI

Nairobi imezoea mikutano. Mnamo Septemba 1973 Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa zilikutana katika Jumba la Mikutano la Kenyatta, lililokuwa jipya wakati huo, na rais wa Benki, Robert McNamara, akatoa hotuba mashuhuri juu ya ufukara uliokithiri. Miaka miwili baadaye, 1975, Benki hiyo ilikubali kuugharimia mradi wa Dandora, ambako wananchi walipewa viwanja vyenye maji na choo, nao wakajijengea vyumba kwa mikono yao. Mjumbe anayetaka kujua maneno ya mkutano huwa nini baada ya miaka hamsini, na aende Dandora akatazame. Ataona nyumba, maduka na skuli, atasikia muziki wa vijana uliovuka mipaka, na ataona pia jaa kubwa la taka za mji mzima.

Aidha mitaa hii imewahi kuwa na mikutano yake yenyewe. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, watu wa chama cha KAU walikutana pamoja na wenzao wa Kihindi, na Makhan Singh, kiongozi wa wafanyakazi, akatoa azimio la kudai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata alikamatwa, na hakuachiliwa hadi mwaka 1961. Ukumbi huo hauna viyoyozi wala mazulia, na karatasi za wageni hazijautaja.

Sasa turudi Kasarani. Kongamano la 2007 liliitishwa kwa ajili ya wanyonge, lakini kiingilio cha Mkenya kilikuwa shilingi 500, na watu wa mitaa ya mabanda, ambao ndio waliokuwa wakizungumzwa ndani, hawakuwa nazo. Wakaandamana malangoni hata wakaachiwa kuingia bure. Siku nyengine watoto wenye njaa walilivamia hema moja la chakula cha bei ghali wakala vilivyokuwamo. Nilipoliona hilo nilimkumbuka maalim na yai lake. Huyu aliogopa kutoka, na wale walizuiwa kuingia, na njaa ilikuwa moja.

Na miaka saba baadaye, Aprili 2014, kufuatia milipuko iliyoua watu Eastleigh, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa katika msako, na uwanja wa kuwazuilia na kuwachunguza vyeti ulikuwa ule ule wa Kasarani. Palipopokewa wageni wa dunia nzima kwa ngoma ndipo walipokalishwa majirani wa mtaa wa pili, pamoja na akina mama na watoto. Sitaji hayo ili kumtisha mgeni. Nayataja ili ajue kwamba mitaa ambayo karatasi yake inaiogopa, nayo ina mambo inayoyaogopa.

KABLA YA KUFUNGA MZIGO

La kwanza ni hati. Tangu Januari 2024 Kenya haidai viza, bali wageni wengi huomba idhini ya safari kwa mtandao kabla ya kuondoka kwao. Wananchi wa nchi nyingi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wamesamehewa, na wengine wameongezwa baadaye, basi mgeni aulize ubalozi wa Kenya mapema, asingoje wiki ya safari. Atokaye nchi yenye homa ya manjano achukue cheti cha chanjo. Apige nakala ya pasipoti, nakala aitembeze mfukoni na pasipoti aifungie. Nasi watu wa Mombasa na Lamu tusijione wenyeji mno tukaacha vitambulisho nyumbani. Kwa yaliyotokea 2014, Mwislamu anayetembea mashariki ya Nairobi bila ya kitambulisho anajitafutia udhia wa bure.

La pili ni mifuko ya plastiki. Kenya iliipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017. Ukinunua zawadi katika maduka ya kiwanja cha ndege ukatiliwa katika mfuko wa namna hiyo, uache ndani ya ndege. Kapu la ukindu la bibi yako litakufaa zaidi.

La tatu ni nguo. Nairobi iko juu ya bahari kwa mita zipatazo 1,700, na mwezi wa Julai mtu wa pwani hutetemeka kama aliyetumbukia kisimani. Mwezi huo wa 1985 ndio uliofanyika mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya wanawake, na kongamano lililoandamana nao katika Chuo Kikuu likavuta zaidi ya wanawake 10,000. Vyumba vya hoteli vikawa haba. Shangazi yangu aliwapokea wawili kutoka Unguja, waliokuja na kanga na viatu vya wazi. Alikuwa akisema kwamba usiku wa kwanza aliwafunika kwa mablanketi yote ya nyumba na bado meno yao yalikuwa yakigonga. Basi chukua sweta. Na ukija wakati wa masika, Machi hadi Mei, au wa vuli, Oktoba hadi Disemba, chukua pia viatu visivyoingia maji, kwani ule udongo mweusi niliokutajia haujabadilika tangu zama za Mwingereza.

La nne ni fedha. Kongamano la 2007 lilipofanyika, wageni walitembea na noti vifuani. Miezi miwili baadaye, Machi 2007, ikazaliwa M-Pesa, na sasa hata muuza maboga wa Gikomba hulipwa kwa simu. Mgeni anaweza kujiandikishia laini kwa pasipoti yake. Hata hivyo awe na sarafu na noti ndogo za nauli, kwani konda hapendi kuvunja noti ya elfu asubuhi. Umeme, ambao Nairobi huitwa stima, ni wa volti 240, na plagi ni ile ya Kiingereza ya meno matatu ya mraba.

KUFIKA NA KUTEMBEA

Atokaye Mombasa ana treni iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017. Hupandwa Miritini na hushusha Syokimau, nje ya mji, na kutoka hapo kuna treni ndogo ya kwenda stesheni ya kati. Kama mwenyeji wako yuko Embakasi au Donholm, muulize kwanza, maana huenda ukapita mlangoni kwake ukielekea mjini, halafu ukalipa nauli ya kumrudia.

Chagua pa kulala kwa kutazama mkutano uko wapi. Ukiwa Kasarani, aliyeko Buru Buru, Umoja au Donholm hana haja ya kupita katikati ya mji. Barabara ya Outer Ring humpeleka moja kwa moja hadi barabara ya Thika. Mkutano ukiwa katika Jumba la Kenyatta, matatu nambari 58 ya Buru Buru hupita barabara ya Jogoo, na zile nambari 6 na 9 ni za Eastleigh. Ama mkutano ukiwa Gigiri, kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa, basi jua kwamba wewe na mkutano wako mko pande mbili za mji. Ondoka baada ya swala ya alfajiri, usingoje jua lichomoze, la sivyo utaisikiliza hotuba ya ufunguzi kwenye redio ya gari.

Nauli hupanda asubuhi, hupanda jioni, na ikinyesha mvua hupanda zaidi. Uliza kabla ya kuingia. Utajibiwa kwa Sheng, lugha ya vijana iliyokulia katika mitaa hii hii, basi jifunze maneno matatu: mbao ni shilingi 20, finje ni 50, na soo ni 100. Nawe ukisema Kiswahili chako cha Mvita au cha Unguja, watakutazama kwa mapenzi kama wanaomsikiliza mwalimu wao wa zamani, na huenda wakakuachia kiti cha mbele.

Jambo jengine ni saa. Karatasi za mkutano huandikwa kwa saa ya Kizungu, na wenyeji huzungumza kwa saa ya Kiswahili. Ukiambiwa gari litakuja saa mbili asubuhi, ni saa mbili baada ya jua kutoka. Wako wageni waliongojea hadi adhuhuri ikapita, wakarudi kwao wakasema Waafrika hawana ahadi, kumbe gari lilikuja likaondoka wao wangali wamelala.

Na usalama? Sitakudanganya. Wezi wapo. Waswahili husema mgeni ni kuku mweupe, na kuku mweupe huonekana mbali na mwewe. Ndani ya matatu usishike simu karibu na dirisha lililo wazi. Usitembee usiku peke yako katika mtaa usioujua. Ukipotea, usimwulize mtu aliyesimama bure njiani. Ingia dukani umwulize mwenye duka, kwani huyo ana anwani na ana jina la kulinda. Lakini usidhani kwamba balaa lina mtaa wake. Shambulio la Westgate la Septemba 2013 na lile la Riverside la Januari 2019 yalitokea huko huko magharibi, ambako ramani ya maalim iliandika majina ya hoteli.

CHAKULA NA IBADA

Eastleigh, au Islii kama tunavyotamka, hoteli za kula hazihesabiki, na nyama yake ni ya halali. Utaletewa sinia ya wali na nyama ya mbuzi, na ndizi mbivu pembeni. Ndizi hiyo si ya baadaye. Huliwa pamoja na wali, na mtu wa pwani akishaonja mara moja haoni ajabu tena. Maziwa ya ngamia yapo, lakini kama hujayazoea usiyanywe asubuhi ya siku utakayohutubia. Jioni utaona moshi mitaani na watu wamezunguka mutura, utumbo uliojazwa nyama na kuchomwa. Hiyo iwachie wenyewe, kwani mara nyingi hutiwa damu, na hujui nani amechinja.

Ama ibada, aliyeko katikati ya mji ana Msikiti wa Jamia, karibu na soko kuu, ambao ulijengwa kati ya mwaka 1925 na 1933. Kutoka Jumba la Kenyatta ni mwendo mfupi wa miguu. Eastleigh husikosi kusikia adhana popote uliposimama. Pumwani kuna Msikiti wa Riyadha, na jina hilo kwa sisi wa pwani latosha kutukumbusha ule wa Lamu. Kibla ya Nairobi ni kaskazini, ikielekea mashariki kidogo. Kwetu Mombasa ni kaskazini khasa. Na kwa kuwa mji uko karibu na mstari wa ikweta, nyakati hazibadiliki sana mwaka mzima. Maghrib huingia baada ya saa kumi na mbili na dakika kumi, na haifiki saa moja. Mjumbe atokaye Ulaya, aliyezoea kuitazama saa kila wiki, atapumzika.

ADABU YA MGENI

Sasa nirudi kwa maalim. Tulipofika Majengo, shangazi alikuwa ukumbini akichambua mchele. Alimtazama mara moja, akaniambia, "Mwambie mgeni avue viatu aingie ndani, chakula hakijapoa." Hakuuliza anatoka wapi. Maalim alikula wali na mchuzi wa nyama, akaongezwa, akala tena, kisha akanyamaza kwa muda. Baadaye ndipo mazungumzo yakaanza, na hayakwisha hadi saa nne ya usiku.

Wakati wa kuondoka alitoa noti za dola katika posho yake ya mkutano akaziweka juu ya meza. Shangazi hakusema neno, lakini uso wake ulibadilika. Nilizichukua haraka nikamrudishia, na njiani nikamweleza. Aliona aibu, nami nikaona aibu kwa ajili yake, kwani nia yake ilikuwa njema. Kesho yake alirudi na mfuko wa mchele, sukari, na majani ya chai. Shangazi akapokea kwa mikono miwili, akamwombea dua.

Basi haya nakuambia wewe utakayefikia nyumba ya watu. Usimlipe mwenyeji kama anayelipwa na hoteli. Nunua kapu la nyumba, au ujaze mtungi wa gesi, au umpe mtoto daftari na viatu vya skuli. Kutoka pwani chukua halua ya Mombasa na tende. Mtu akikukaribisha katika chumba kimoja chenye pazia katikati, jua kwamba amekupa nusu ya nyumba yake, na usiku ule watoto wake wamelala kwa jirani.

Maji mashariki ya Nairobi huja kwa zamu. Ndoo uliyoiona bafuni huenda ikawa ya watu sita, basi oga kwa kopo. Ya kunywa yawe yamechemshwa. Stima ikipotea usilalamike. Mwenyeji ameshalalamika kabla yako na hakusikilizwa. Geti la ploti hufungwa usiku, kwa hivyo kama mkutano una dhifa, mwambie mwenyeji na mwambie mlinzi pia, usije ukagonga saa sita ukaamsha mtaa mzima.

Usipige picha watoto wa watu wala nyumba za watu bila ya ruhusa. Wajumbe wengi huwa na hamu ya kuchukua picha za umaskini ili wakawaonyeshe wenzao. Jiulize kama ungependa mgeni aje kwenu akapige picha uani kwako siku ya kufua.

Na siku zikiongezeka, saidia kazi. Dini yetu imempa mgeni haki ya siku tatu, na methali ya wazee wetu ikakaza zaidi, kwamba siku ya tatu apewe jembe. Nairobi hakuna pa kulima, lakini kuna vyombo vya kuosha na maji ya kuteka.

La mwisho ni kuaga. Usiondoke alfajiri kimya kimya kwa kuwa gari la mkutano limekuja. Mwage mwenyeji, mwage jirani aliyekupa kiti, mwage mlinzi. Ukifika kwenu salama, piga simu uwajulishe, kwani kuna watu hawatalala vizuri hadi wajue kwamba umefika.

Shangazi ametangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na wanawe wako katika nyumba ile ile. Maalim aliandika barua mara mbili kumwulizia hali. Siku tuliyoagana Kasarani alinipa ile karatasi yake, akasema haina kazi naye tena. Ninayo hadi leo. Upande wa mashariki, pale palipokuwa patupu, amechora mstari wa barabara kwa kalamu yake, na pembeni ameandika kwa herufi za Kiarabu: Majengo, kwa shangazi.

Karibuni Nairobi.